Mwaka Nilioacha Chapati za Mama Mwende

Mkanda wangu wa ngozi ulitoka dukani ukiwa na matundu matano. Mengine manne niliyatoboa mwenyewe, kwa msumari na nyundo, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu hapa Maringo, Nairobi. La kwanza nililitoboa wakati wa mvua za Aprili. La nne lilikuwa Januari, vumbi likiwa limejaa kila mahali, na mke wangu Nduku aliposikia nyundo alitoka nje, akanitazama, akarudi ndani.

Mimi ni fundi wa cherehani. Huko sokoni Gikomba, mafundi wa nguo wakiona mashine imeanza kuruka mishono au kukata uzi, huniletea mimi. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, na imenizoesha kuuliza "kwa nini" hata mahali ambapo watu wengine wameshachoka kuuliza. Tabia hiyo ilinisaidia sana katika ugonjwa wangu. Pia ilinifanya nimkosee mke wangu, na hilo nitalisema lilivyokuwa.

Ugonjwa ulianza tumboni. Tumbo lilijaa kama ngoma, kisha likaanza kuendesha, kisha likatulia siku mbili tatu na kuanza tena. Kliniki ya kwanza waliniambia ni homa ya matumbo. Nikameza dawa. Ya pili wakasema ni amiba. Nikameza. Kuna aliyesema minyoo, kuna aliyesema vidonda vya tumbo, na nilimaliza dozi zote hizo bila kuruka hata siku moja. Nilipungua. Kucha zikawa laini kama karatasi iliyolowa. Ulimi ukawa mwekundu na laini hata chai ya uvuguvugu ikawa inauchoma. Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa mikono. Siku moja nilishindwa kuingiza uzi kwenye tundu la sindano, mara sita, mteja akiwa amesimama mbele yangu. Mwishowe alinipokonya uzi kwa upole, akauingiza mwenyewe.

Mtaani watu walikuwa wameshanipima kwa macho. Hakuna aliyesema mbele yangu, lakini nilijua wanachosema, kwa sababu mtu akikonda hapa kwetu huwa kinasemwa kitu kimoja. Nilikuwa nimepimwa virusi mara tatu na sikuwa navyo. Nduku naye alipimwa, hakuwa navyo. Siku aliyopata majibu yake alikaa kitandani na ile karatasi mkononi, akaniuliza, "Sasa hii nimwonyeshe nani? Nizunguke nayo ploti nzima, mlango kwa mlango?"

Februari nilipelekwa hospitali kubwa. Kama hujawahi kusubiri huko, nikueleze: unakaa kwenye benchi refu, na kila anapoingia mtu kwa daktari, benchi zima linasogea kwa makalio, hatua moja. Ukitoka, nafasi imekwenda. Sasa mtu wa tumbo la kuendesha atakaaje saa nne kwenye benchi la namna hiyo? Siku ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja wa Dandora, mgonjwa wa kisukari, ambaye hata jina lake sikulishika. Aliniona nikitoka jasho. Akafungua leso yake, akaitandika pale nilipokaa, akasema, "Nenda tu. Akija mtu nitamwambia wewe ni ndugu yangu." Nilikwenda mara tatu siku hiyo, na mara zote tatu nilirudi nikaikuta leso, naye ameweka mkono juu yake.

Daktari aliyeniona alikuwa msichana mdogo, nikadhani ni mwanafunzi. Hakuanza na kuniuliza nina maumivu wapi. Alisema, "Mzee, nieleze ulichokula jana. Anzia asubuhi."

"Chai na mkate," nikasema. "Saa nne mandazi mawili. Mchana chapati na maharagwe. Jioni chapati na mchuzi."

"Na siku ukizidiwa?"

"Nikizidiwa mke wangu, Mama Mwende, hunipikia chapati laini, anazikatakata kwenye maziwa."

Aliandika, akaacha kuandika, akanitazama. Kisha akasema nitolewe damu, na akanionya jambo ambalo sikulielewa wakati huo: nisibadilishe chakula changu hata kidogo mpaka vipimo viishe. Baada ya damu kukawa na kile kipimo cha kumeza mpira wenye kamera. Sitakudanganya, si kizuri. Lakini ni cha dakika chache, na nesi alinishika kidole gumba muda wote, hakukiachilia hata mpira ulipokwisha kutoka.

Majibu yalikuja Machi mwishoni, mawingu ya mvua yakianza kukusanyika. Daktari aliniandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi: siliaki. Akasema mwili wangu unagombana na kitu kilichomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinaitwa gluteni, na katika ugomvi huo unaojeruhiwa ni utumbo wangu mwenyewe.

"Kwa hiyo nitameza nini?"

"Madini ya chuma, kwa sababu damu imepungua. Lakini ugonjwa wenyewe hauna kidonge. Unaacha ngano."

"Kwa muda gani?"

"Siku zote, mzee."

Nilitoka nje nikasimama kwenye korido, nikitafuta dirisha la dawa ya ugonjwa wenyewe, ambayo sikuwa nimeandikiwa. Miaka miwili nimetafuta jina la ugonjwa huu, na sasa ninalo mkononi, na dawa yake ni kutokula.

Nyumbani nilimkuta Nduku anasukuma chapati. Ni lazima ujue kwamba chapati za Nduku si chapati tu. Harusi ikiwa Maringo au mtaa jirani wa Jericho, ataitwa yeye. Msiba ukiwa, ataitwa yeye. Nilimweleza. Akauliza, "Hakuna dawa?"

"Dawa ni kuacha."

"Kuacha nini?"

Nilitazama kile kifimbo alichoshika. Alicheka kwanza, kwa sababu alidhani namtania, halafu akaona uso wangu. Alikunja ule unga wote uliobaki, akaufunika na sahani, akakaa chini. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nimekuwa nikikulisha kwa mkono wangu."

Nilimwambia hakujua, hata mimi sikujua. Lakini neno lile lilimkaa.

Aprili na Mei nilipona kwa namna ambayo sikuamini. Nilikula viazi, nduma, ndizi, maharagwe, wali wa mchele uliochaguliwa na kuoshwa vizuri. Asubuhi Nduku alinipikia uji wa wimbi, kwa sababu daktari alisema wimbi halina shida. Tumbo likatulia. Mikono ikaacha kutetemeka. Nilirudi Gikomba siku nzima nzima.

Kisha Juni, bila sababu, kila kitu kikarudi. Tumbo, jasho, uchovu wa kulala na viatu. Wiki ya kwanza nilivumilia. Ya pili nilianza kuwaza kama fundi: mashine ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi, kwa hiyo kuna mtu amegusa kitu. Na nyumbani kwetu mtu anayegusa chakula ni mmoja.

Nilimwuliza mezani, binti yetu Mwende akiwa hapo. "Mama Mwende, unaweka unga wa ngano kwenye mchuzi ili uwe mzito?"

"Siweki."

"Mwiko wa chapati ndio huo unaokorogea chakula changu?"

"Wako uko peke yake. Nimeufunga uzi mwekundu."

"Basi kuna kitu unafanya, labda hata hujui. Au umechoka kunipikia."

Aliweka kijiko chini polepole. "Baba Mwende, unasema mimi ndiye ninayekuua?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira, na nilinyamaza. Asubuhi yake alikwenda kwa dada yake, mtaa wa Umoja. Mwende alibaki kwa sababu ya mitihani ya shule. Juu ya meko tulikuta sufuria ya nduma, zimechemshwa na kumenywa, za kunitosha siku mbili.

Siku ya tatu Mwende aliniambia, akiwa anaosha vyombo bila kunigeukia, akituita mimi na mama yake kama vijana wa mtaani wanavyowaita wazazi, "Budaa, mathe hajaweka kitu. Mimi ndio naosha hivi vyombo kila siku, si ningejua?"

"Sasa kimetoka wapi?"

"Mimi sijui. Lakini ukiletewa mashine imekwama, huwa unamkaripia mwenye mashine ama unaifungua kwanza?"

Ana miaka kumi na mitano. Nilikwenda kukaa nje kidogo.

Basi nikaifungua mashine. Kila kilichoingia kinywani mwangu nilikifuata nyuma hadi kilikotoka. Nduma hutoka sokoni na udongo wake. Maharagwe huchaguliwa kwenye ungo. Maziwa ni maziwa. Wimbi? Wimbi Nduku hununua nafaka yenyewe, anaosha, anaanika, anapeleka kusagwa. Lakini hadi Mei tulikuwa tukila unga uliotumwa kutoka nyumbani Machakos. Huo uliisha. Wa Juni ulisagwa hapa hapa mtaani.

Nilichukua kilo mbili za wimbi nikaenda kwenye kinu cha kusaga nyuma ya soko. Kijana wa kinu anaitwa Karanja, tunafahamiana, nilishawahi kumtengenezea mashine ya mamake. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye gunia dogo. Karanja alilipokea, akalimimina, na kilichotoka chini kilikuwa unga wa ngano, ngano nzima ya kutoka shambani kwao Nyandarua. Alipomaliza, aligonga mdomo wa mashine mara mbili kwa kiganja, akaniambia, "Fundi, leta yako."

"Ngoja. Unaisafisha vipi hapo katikati?"

"Si hivyo nimeigonga?"

Nilimwomba azime. Nilichungulia ndani kwa tochi ya simu. Kila pembe, kila skrubu, ilikuwa na vumbi jeupe limeganda kama jivu. Karanja hakuwa amekosa lolote. Kinu ni kinu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mtu anayeweza kuumizwa na vumbi hilo. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya ajabu, ile ya kuona hitilafu kwa macho yangu. Dakika moja baadaye nilimkumbuka Nduku na furaha ikaisha.

Nilikwenda Umoja siku hiyo hiyo. Shemeji alinifungulia mlango, akanionyesha kiti, akaingia chumbani akafunga. Nduku alikaa mbele yangu na mikono ameikunja.

"Nilikosea," nikamwambia. "Si wewe. Ni kinu." Nikamweleza yote, tochi, skrubu, vumbi.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na kama kisingekuwa kinu?"

"Ningeendelea kukulaumu," nikasema. "Na ningekuwa nimekosea vilevile."

Hakurudi nami. Alirudi Jumamosi, akaweka mkoba chini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Hebu nipeleke nikakione hicho kinu." Tulikwenda. Karanja alizima mashine, Nduku akachungulia ndani na tochi, muda mrefu kuliko mimi.

Daktari alisema basi nikae mbali na unga wowote wa nafaka uliosagwa nje, angalau mpaka utumbo upone. Sikuona shida. Lakini ilipofika wiki ya tatu niligundua ninachokosa. Halikuwa suala la kushiba. Ilikuwa saa nne asubuhi, chai mkononi, na hakuna cha kuvunja kwa meno.

"Unakula wali, unakula viazi, unakula nduma," Nduku akasema. "Sasa unalilia nini?"

"Kitu cha kukatika."

Hapo ndipo biskuti zilipoanza. Nilinunua kwa wauza vyuma wa Gikomba kile kinu kidogo cha mkono, cha kufunga kwenye ukingo wa meza. Sikujua kilisaga nini maishani mwake, kwa hiyo nilikifungua kipande kwa kipande, nikakisugua kwa burashi ya waya, nikakichemsha. Nikanunua muhogo mtamu, tukaumenya, tukaukata vipande vyembamba, tukaanika juu ya gunia nje ya mlango. Ilikuwa Julai. Mtu wa Nairobi anajua Julai ilivyo: wiki mbili hatukuona jua, na muhogo wote ukaota ukungu wa kijani. Tukatupa. Wa pili tuliukausha kwenye ungo, juu kabisa ya jiko la makaa, tukiugeuza kila tulipopita.

Oveni hatuna. Tulitumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sufuria ndogo ndani yake, mfuniko, na makaa machache juu ya mfuniko. Biskuti za kwanza zilikuwa muhogo, yai, sukari na samli. Mwende aliuma moja, akaitoa, akaigonga kwenye meza. "Hii ni ya kujengea," akasema.

Za pili nilisaga njugu karanga nikachanganya. Zikayeyuka, zikawa kitu kimoja bapa kilichojaa mafuta. Za tatu nikaongeza nazi iliyokaushwa, zikavunjika hata kabla ya kutoka kwenye sufuria. Tulizila kwa kijiko. Nilikuwa nabadilisha kitu kimoja kila mara, kama kwenye mashine, na nilitaka sana kujua: ngano ina nini kinachoshika? Kwa nini ukivuta unga wake haukatiki, na huu wangu unakuwa kama mchanga wa Athi River?

Nduku alikuwa anatazama tu. Tangu arudi alikuwa ananipikia vizuri na kuzungumza nami kidogo. Siku ya biskuti za nne, alisimama nyuma yangu nikikanda, akashindwa kuvumilia.

"Maji yako ni baridi."

"Biskuti haziwekwi maji ya moto."

"Nani alisema? Chapati zangu unadhani ni laini kwa nini? Sogea."

Alitenga theluthi moja ya unga wa muhogo kwenye bakuli. Akamimina maji yanayotokota, kidogo kidogo, akakoroga kwa mwiko wenye uzi mwekundu. Mbele ya macho yangu unga ukageuka, ukawa mzito, wa kung'aa, unanata kama gundi ya seremala. Akauchanganya na unga mkavu uliobaki, njugu zilizosagwa, nazi, ndizi moja mbivu iliyopondwa, yai, samli, sukari, chumvi kidogo. Akaufinyanga, akausukuma kwa chupa, kwa sababu kile kifimbo cha chapati alikuwa ameshakiweka mbali nami. Haukukatika. Akanitazama na kwa mara ya kwanza tangu Juni akatabasamu.

Tulizipika, na tukashindwa kungoja zipoe. Zilikatika. Ilisikika kabisa, *kap*, mpaka Mwende akatoka chumbani. Alikula tatu akisema, "Hizi sasa zimeshika."

Nisikufiche, siku zilizofuata hazikuwa zote nzuri. Kuna harusi nilikaa na kikopo changu kwenye mapaja, watu wakiniuliza kama najidai. Agosti nilidanganyika na soseji ya soko la Burma, kumbe imechanganywa unga wa ngano, nikaugua siku nne. Lakini kufikia mvua fupi za Novemba uzito wangu ulikuwa umerudi zaidi ya nusu, na daktari aliponipima damu alisema, "Sasa hii ni damu ya mtu."

Mwezi huo kina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Ilikuwa zamu ya Nduku. Mimi nilijificha jikoni, kwa sababu sikutaka kutazamwa. Nikasikia vikombe, nikasikia sahani, na ghafla nikasikia *kap*. Nduku alikuwa amewawekea biskuti zangu.

"Mama Mwende, hizi umetoa duka gani?" mmoja akauliza.

"Si za duka. Ni Baba Mwende huzipika."

Kisha Nduku akaendelea, kwa sauti ile anayotumia kanisani akisoma matangazo: "Mume wangu ana ugonjwa unaitwa siliaki. Hawezi ngano. Hicho ndicho kilichokuwa kikimkondesha, na hakuna kingine. Kuleni, ziko nyingi."

Dakika chache baadaye Mama Wairimu wa ploti ya pili aliingia jikoni, ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Alisema kaka yake aliye Naivasha yuko vilevile, tumbo na kukonda, mwaka wa tatu. "Na sisi tulikuwa tumeshaanza kusema ana…" Nilijua neno lililobaki, na alijua kwamba najua. Akasema, "Fundi, niandikie jina la huo ugonjwa."

Nilichana karatasi kwenye daftari la Mwende. Nikaandika jina. Kisha nikaona kwamba mtu huyu atakimbia kumpigia kaka yake simu na kumwambia aache chapati leo, basi nikaandika chini yake: asiache ngano kabla hajapimwa, vipimo vitadanganya. Nikaandika habari ya vinu. Nikaandika muhogo, maji yanayotokota, theluthi moja. Karatasi ikajaa, nikaigeuza upande wa pili. Mama Wairimu alivuta kigoda akakaa, akaanza kuuliza: kipimo cha mpira kinauma? Nguvu zilirudi baada ya muda gani? Na wali anaweza?

Nduku aliingia kutafuta chupa ya chai. Akasimama nyuma ya bega langu, akasoma yote kutoka juu, taratibu. Halafu akanitoa kalamu mkononi na kuongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake:

*Na asimlaumu mkewe.*

Akanirudishia kalamu, akabeba chupa ya chai, akarudi kwa wageni.